Plasma imegoma? Sikiliza kwanza, bodi baadaye

Simu iliingia saa mbili asubuhi, chapati yangu ikiwa nusu.

"Shikamoo mama. Ile mashine ya plasma imekufa. Bodi imeungua, bosi anauliza kama unaweza kutuagizia nyingine Dar."

"Marahaba. Nani kasema ni bodi?"

"Kioo kinaonyesha hitilafu."

"Ukiwasha, feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Ukibonyeza kitufe cha tochi, unasikia nini?"

Kimya. Kijana ana miaka miwili anakata pleti za chuma kwa mashine ile, kwa moto wa umeme na hewa unaotoka kwenye tochi, yaani kile kishikio cha kukatia, lakini hajawahi kuisikiliza. Nikamwambia asiagize kitu wala asifungue kitu, nakuja.

Karakana iko Kizota. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mageti, fremu na nguzo za chuma hazipoi huku, na mashine za plasma zimeongezeka. Zamani mtu alikata kwa gesi au grinda. Siku hizi hata karakana ya watu wanne ina plasma ya ampea 100, na ikigoma wote wanne wanakaa kivulini. Ndipo bodi, ule ubao wa elektroniki unaoongoza mashine, inapoanza kusingiziwa. Bodi haijui kujitetea: ina taa nyingi, haieleweki, na ni ghali, kwa hiyo kila mtu anaona ndiyo mkosaji. Katika mashine ninazoitiwa, bodi yenyewe huwa mzima mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Inachofanya ni kupiga kelele kwamba kuna kitu kingine hakijaitika.

Basi nitaeleza ninavyotafuta hitilafu, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Nawaandikia mafundi umeme wanaojua kutumia mita na waliokwisha kushika umeme wa fezi tatu. Kama wewe si fundi umeme, soma sehemu ya kusikiliza, halafu muite fundi.

Mashine inavyoamka

Plasma haiwaki kwa mkupuo. Inaamka kwa hatua, na kila hatua inasubiri iliyotangulia. Ukijua hatua ya mwisho iliyofanikiwa, umeshapunguza kazi nusu, kwa sababu kosa liko kati ya hapo na hatua inayofuata.

Mashine kubwa za zamani, zile zinazohitaji watu wanne kuzisogeza, zina kontakta, yaani swichi kubwa inayofungwa kwa sumaku ya umeme, kisha transfoma kubwa ya fezi tatu, kisha diodi za kugeuza umeme kuwa DC, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, kisha choppa, yaani IGBT, swichi ya elektroniki inayokatakata ile DC ili ampea zibaki pale ulipoziweka. Hizi utasikia kontakta ikipiga "tap" nzito na transfoma ikinguruma. Mashine za inveta ni nyepesi: umeme unageuzwa DC kwanza, unajaza kapasita, yaani vihifadhi umeme, kupitia rezista ya kuanzia inayopunguza mkondo, rilei, swichi ndogo, inapiga "tik" kuikwepa ile rezista, kisha IGBT zinaukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo, diodi za kasi na koili. Hizi hazingurumi, zinavuma tu.

Ukibonyeza tochi, zote zinafuata njia moja. Hewa inatoka, "shiii". Kisha moto mdogo wa paileti unawaka ndani ya tochi, kati ya elektrodi, kile kipande cha katikati, na nozo, tundu la kutokea moto. Kuna mashine zinazouwasha kwa HF, umeme wa masafa ya juu wa volti elfu kadhaa unaoruka kama cheche, na utausikia "trrrr" kama mende kwenye boksi la kiberiti. Nyingine huanza elektrodi ikiwa imegusa nozo, hewa inaisukuma nyuma na moto unazaliwa hapo. Tochi ikikaribia chuma, moto unahama kutoka nozo kwenda kwenye chuma, paileti inazima, na ukataji unaanza.

Kwa hiyo simama kando ya mashine, mwambie opareta abonyeze, funga macho kama inakusaidia. Hakuna sauti yoyote wala feni: tafuta umeme unaoingia, fyuzi, transfoma ndogo ya kontroli. Feni ipo ila hewa haitoki: tafuta swichi za usalama, kitufe cha tochi, valvu ya hewa. Hewa ipo, moto hakuna: HF, elektrodi na nozo, rilei ya paileti, au nguvu yenyewe haipo kwenye pato. Paileti inawaka ila haihami: klempu inayobana chuma kinachokatwa, waya wake wa kurudishia umeme, sensa ya ampea. Inakata kidogo halafu inazima: kuna kitu kinachopungua kikibebeshwa mzigo, na hiki ndicho kilichokuwa Kizota.

Kijana alibonyeza. Feni sawa, hewa sawa, paileti sawa, ikahama, ikakata kama upana wa kiganja, pap, kimya. Kioo kikaandika hitilafu ya fezi. Sasa bodi ilikuwa imesema ukweli wake, na walitaka kuitupa kwa kusema ukweli.

Kabla ya kufungua mfuniko

Hapa nitakaa kidogo.

Umeme wa fezi tatu kwetu ni volti 400 kati ya fezi na fezi. Ukigeuzwa kuwa DC na kujazwa kwenye kapasita za inveta unafika volti 565 hivi. Kapasita za mikrofaradi 1,000 kwa volti hizo zina jouli kama 160 ndani yake, na hazijali kwamba umezima breka ya umeme. Zina rezista ndogo za kuzimwaga polepole, lakini rezista hizo nazo hufa, na zikifa hazitoi taarifa. Taa ya bodi kuzimika haimaanishi kapasita zimelala.

Zima breka, weka kufuli, ufunguo mfukoni mwako. Siongei hili kwa nadharia. Miaka ya nyuma nilikuwa nimeinamia mashine, breka nimeizima na kumwambia kila mtu. Fundi mmoja akatoka msalani, hakuwa amesikia, grinda yake haiwaki, akaenda kuinua breka. Nilinusurika kwa sababu mkono wangu ulikuwa umetoka ndani kuchukua bisibisi. Tangu siku ile nina kufuli la baiskeli na kibao cha bati nilichoandika kwa rangi nyekundu: MAMA YUKO NDANI.

Kisha subiri dakika tano. Mimi muda huo nakula ubuyu. Kokwa zikifika kumi najua muda umefika, ila naangalia na saa. Halafu pima. Mita iwe ya daraja la usalama la CAT III volti 1000, imeandikwa pale penye matundu ya waya. Ipime kwanza kwenye umeme unaoujua, kisha pima kapasita, kisha irudie kwenye ule umeme unaoujua. Mita iliyokufa nayo inaonyesha sifuri.

Ikiwa bado kuna volti, usichomeke bisibisi kupiga shoti. Nimeona vijana wanafanya hivyo na kucheka cheche ikiruka. Ile cheche inakula terminali, inapasua kapasita, na siku moja inaruka usoni. Nina fimbo yangu: bomba la plastiki la maji, ndani yake rezista mbili za waya, kila moja omu 1,000 na wati 50, zimeungwa moja baada ya nyingine, na ncha mbili zenye maganda ya mpira. Kwa kapasita za mikrofaradi 1,000, shika sekunde kumi zimekwisha. Pima tena.

Na jambo la HF: mashine ya namna hiyo usiache mita imeshikilia waya za pato wakati mtu anabonyeza tochi. HF itaua mita kabla hujasoma namba. Chomoa au zima kwanza saketi ya HF kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, ndipo upime volti za pato. Volti hizo, bila mzigo, huwa kati ya 250 na 350 za DC kwa mashine nyingi, na zinaua. Mashine ya uchomeleaji haifiki hata nusu ya hapo, ndiyo maana wachomeleaji waliozoea kushika koleo lao kwa mkono mtupu wanapigwa sana na plasma.

Fezi tatu kwa macho ya mzigo

Turudi Kizota. Kijana alikuwa ameshapima. "Mama, fezi zote zipo, nimepima mwenyewe." Kweli: 398, 401, 400. Lakini alipima mashine imetulia.

Fezi iliyoshikwa na uzi mmoja wa shaba inaonyesha volti kamili ukiipima bila mzigo, kwa sababu mita hainywi umeme. Mzigo ukija, uzi ule hauwezi kubeba. Kwenye inveta kuna mtego mwingine unaowakamata hata wazoefu: fezi moja ikikatika kabisa, reli ya DC, yaani njia inayobeba ile DC ya kapasita, bado itasoma volti 565 mashine ikiwa imetulia, kwa sababu fezi mbili zilizobaki zinatosha kujaza kapasita mpaka kilele kilekile. Ukiona 565 ukasema fezi zipo, umejidanganya. Kosa litaonekana ukianza kukata tu.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Breka chini, kufuli, ubuyu. Nikafunga waya za mita zenye meno ya mamba kwenye kontakta, moja juu na moja chini ya kontakti ileile, yaani vile vipande vinavyogusana kupitisha fezi moja. Hii mashine haina HF, inaanza kwa elektrodi kugusa nozo, ndiyo maana nilithubutu kuacha mita. Nikaiweka juu ya ndoo mahali ninapoisoma bila kusogea, nikatoa kufuli, nikasimama nyuma, kijana akakata. Kontakti nzuri ikifunga inatakiwa isome karibu na sifuri. Ya kwanza: volti 0.1. Ya pili: 0.1. Ya tatu ilianza 4, ikapanda 9, ikaruka 70, mashine ikazima.

Tafakari zile volti 4 tu. Mashine ilikuwa inavuta ampea kama 30 kwa kila fezi. Volti 4 mara ampea 30 ni wati 120, zote zinageuka joto ndani ya kiboksi cha plastiki kidogo kuliko ngumi. Nilipofungua kontakta, plastiki ilikuwa imekuwa ya kahawia kama mkate ulioungua, na ile pande ya fedha iliyo juu ya kontakti imeliwa upande mmoja, imebaki shimo lenye ukingo wa masizi. Kontakti mbili za jirani zilikuwa na madoa ya kawaida tu. Chini ya kontakta nikakuta chanzo: skrubu ya terminali ile ilizunguka nusu duara kabla ya kukaza. Ililegea, ikachemka, joto likalainisha springi, springi ikaacha kubana.

Usipige msasa kontakti ya namna ile. Msasa unaondoa fedha iliyobaki, utapata wiki mbili za amani kisha utarudi. Badilisha seti nzima au kontakta nzima, na waya ulioungua kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa.

Nyutro nayo iangalie kama kontroli inakula volti 230 kutoka fezi na nyutro. Nyutro ikilegea kwenye karakana yenye mizigo isiyolingana, fezi moja inaweza kupanda kupita 300 na nyingine kushuka. Ukikuta transfoma ya kontroli imeungua na taa za karakana nazo zilikufa siku hiyo, usibadilishe transfoma kabla ya kukaza nyutro. Jenereta pia: umeme ukikatika, watu wanahamia jenereta ndogo, volti zinazama kila tochi inapowaka, mashine inalalamika. Mashine ni nzima. Jenereta ndiyo ndogo.

Reli ya DC na ile moduli iliyonifundisha

Kwenye inveta, baada ya kuhakikisha fezi, pima reli ya DC: 565 kwa fezi tatu, 325 kwa mashine ya fezi moja ya volti 230. Ikiwa sifuri, angalia rezista ya kuanzia. Hufa kwa sababu rilei yake haikufunga, mzigo wote ukapita kwake. Ukibadilisha rezista bila kupima rilei, andaa rezista nyingine. Kwa kuwa kapasita nyingi ni za volti 400 au 450, huungwa mbili moja baada ya nyingine. Kila moja isome karibu nusu, kama 282. Ukisoma 340 na 225, basi rezista ya kusawazisha imekatika au kapasita moja inavuja, na ile inayobeba 340 iko njiani.

Sasa IGBT, ambazo huja zimefungwa kwenye kiboksi kiitwacho moduli. Kwa umeme umezimwa na kapasita zimemwagwa, weka mita kwenye kipimo cha diodi. Kolekta na emita, miguu miwili inayopitisha umeme: upande mmoja isome kama 0.3 mpaka 0.5, upande wa pili isisome kitu. Ikilia pande zote mbili, imepiga shoti. Geti, mguu unaoiamrisha, na emita isiwe shoti. Linganisha moduli moja na mwenzake. Namba zinazotofautiana sana zinasema zaidi ya namba yenyewe.

Hapo ndipo watu wengi huishia: moduli imekufa, nunua, funga, washa. Na mimi nilifanya hivyo, mwaka wangu wa tatu au wa nne kwenye kazi. Mashine ya mteja wa Nkuhungu, IGBT moja shoti. Nikaagiza moduli, nikapaka pasta ya joto, nikakaza kwa ustadi kabisa. Nikawasha. Pah. Moduli mpya iliishi muda wa kupepesa jicho. Ile nililipa mwenyewe, na mwezi ule tulikula mlenda na ugali mpaka watoto wakauliza kama tumehamia shamba.

Kosa halikuwa kwenye moduli. Lilikuwa kwenye saketi inayoendesha geti. IGBT inafunguliwa kwa volti 15 hivi za chanya, na saketi nyingi za mashine kubwa huifunga kwa volti za hasi, tuseme 8, ili isijifungue kwa bahati mbaya mwenzake anapofanya kazi. Kapasita ndogo ya mikrofaradi 47 upande wa hasi ilikuwa imekauka kwa joto, ile hasi ikawa inatetereka karibu na sifuri. IGBT ya juu ikifunguka, ya chini inajifungua nayo, umeme wote wa reli unapita kwa zote mbili kwa pamoja. Kapasita ya bei ya soda ilinilia moduli mbili, ya mteja na yangu.

Siku hizi moduli ikifa, siigusi mpya kabla ya mambo mawili. Kwanza natenganisha reli ya DC, nawasha kontroli peke yake, napima geti moja baada ya nyingine. Mwenye osiloskopu aangalie umbo la wimbi, asiye nayo apime angalau ile volti ya hasi mashine ikiwa imesubiri, na alinganishe geti zote. Zote zifanane. Kapasita ndogo za karibu na joto nabadilisha bila kuuliza. Pili, moduli mpya ikishafungwa, siwashi kwa umeme kamili. Naipa reli umeme wa volti 230 tu, wa fezi na nyutro, kupitia balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye uzi, iliyoungwa njiani. Kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu na moduli inabaki hai. Kukiwa salama inamulika kidogo kapasita zikijaa, kisha inafifia. Balbu hizi zinazidi kuwa adimu madukani. Nikiziona nanunua nne.

Pasta ya joto iwe nyembamba kama siagi ya mtoto wa tatu. Ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha.

Swichi zinazosema "bado"

Mashine nyingi zinagoma kwa sababu ya swichi ya usalama, na hapo hakuna kilichoungua. Kofia ya tochi ina swichi yake: ikilegea nusu mzunguko, mashine haiwaki. Swichi ya joto kwa kawaida imefunga na hufunguka mashine ikichemka. Ikifunguka saa tano asubuhi mwezi wa kumi, karakana ya bati, feni imejaa vumbi, usiilaumu. Swichi ya presha: soma geji hewa ikiwa inatoka. Presha ikisoma vizuri tochi imelala na ikazama ukibonyeza, kompresa au bomba ni jembamba.

Unaweza kuunganisha waya mbili za swichi kwa dakika moja ili kujua kama ni yenyewe. Ukishajua, toa. Nimekuta mashine yenye swichi tatu zilizounganishwa milele kwa kipande cha waya, na mwenye mashine anashangaa kwa nini IGBT inakufa kila baada ya miezi mitatu.

Kwenye mashine za tochi inayopozwa kwa maji kuna ugonjwa wetu wa Dodoma. Maji ya kupoza yanatakiwa yasipitishe umeme. Mtu anaona yamepungua, anajaza ya kisima, na maji yetu mnajua yalivyo na chumvi: sufuria ya chai inavyoota ukoko mweupe, ndivyo yalivyo ndani ya tochi. HF inavujia kwenye maji badala ya kuruka pale kwenye nozo. Cheche inakuwa dhaifu, na mtu ananunua transfoma ya HF. Mwaga, suuza, jaza maji ya kupoza yaliyoelekezwa na mtengenezaji. Kisha angalia kama bado unaihitaji hiyo transfoma.

Paileti ipo, haihami

Hili nitalipita haraka kwa kuwa jibu lake mara nyingi ni aibu. Klempu imebana rangi. Klempu imebana kutu. Klempu imebana mguu wa meza wakati pleti imekaa juu ya taka za chuma zilizoyeyuka. Safisha kwa grinda mpaka chuma king'ae, bana kwenye pleti yenyewe, jaribu. Ikikataa, fuata waya wa kurudishia mpaka ndani ya mashine. Kwenye kichwa chake shaba hukatika ndani ya ganda bila kuonekana. Ushike wakati mashine imezimwa na kumwagwa, ukunje polepole. Panapokunjika kirahisi kuliko kwingine, hapo ndipo.

Kama waya ni mzima, pima ampea kwa klempu mita inayosoma DC, kisha linganisha na namba ya kioo. Zikitofautiana sana, sensa ya ampea inadanganya, na bodi haiwezi kujua kama moto umehama. Klempu mita ya kawaida ya AC hapa haikusaidii, itasoma sifuri na utaanza kutafuta kosa lisilokuwepo.

Vumbi, mvua ya kwanza na ethi

Upepo wa Dodoma unaujua. Kuanzia mwezi wa saba vumbi jekundu linaingia kila mahali, na kwenye karakana linachanganyika na unga wa chuma wa grinda na plasma. Feni inauvuta wote ndani. Wakati wa kiangazi mchanganyiko huo umekauka, umetulia juu ya bodi. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwishoni mwa Novemba au Desemba, hewa inapata unyevu, na lile vumbi linaanza kupitisha umeme. Wiki hiyo simu yangu hailali. Mashine zinakata breka asubuhi na kupona mchana jua likichoma.

Kwa hiyo mwezi wa kumi fungua, puliza kwa hewa kavu ya presha ndogo, shikilia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa hewa ya kompresa beringi zake zinaharibika. Penye vumbi lililoganda tumia brashi laini. Ukitaka kupima insuli ya transfoma, ile kinga inayozuia umeme kuvuja, kwa mega, kipimo chake, ya volti 500, chomoa bodi zote kwanza. Mega haina huruma na elektroniki. Ikisoma chini ya megaomu moja, kausha na usafishe kabla ya kuwasha.

Ethi, yaani fimbo na waya wa kupeleka umeme ardhini, nayo inabadilika na majira. Udongo ukikauka unapitisha umeme vibaya, fimbo iliyokuwa nzuri mwezi wa pili inaweza kuwa mbovu mwezi wa tisa. Kwenye mashine ya HF iliyo karibu na kompyuta ya meza ya kukatia utaliona: kichwa kinaruka, kioo kinajizima, kila paileti inapowaka. Zamisha fimbo ndefu zaidi kufikia udongo wenye unyevu, au ongeza ya pili mbali na ya kwanza, na waya wa ethi wa meza uwe mfupi na mnene. Kumwagia ndoo ya maji kunasaidia kwa siku moja.

Kontakta ya Kizota ilipatikana mjini siku ileile. Tulifunga, nikakaza skrubu zote sita, kijana akakata pleti ya milimita 12 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mita juu ya ndoo: 0.1, 0.1, 0.1. Nikampa kalamu ya rangi, nikamwambia aandike ndani ya mfuniko tarehe, volti za fezi mashine ikiwa inakata, volti za kila kontakti, na reli ya DC kama mashine inayo. Aliandika kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye "kilichoharibika" akasita, akaniangalia.

"Niandike nini mama? Bosi ameshamwambia kila mtu ni bodi."

"Andika skrubu."